Nilimuacha kwa Virginie

Sehemu ya tisa

Kalamu ya hakimu ilikuwa hewani. Tuliiacha hapo juma lililopita, kidogo tu juu ya karatasi ambayo ingemfanya Nathanaël, mtoto wa miaka saba, kuwa mwana halali wa Grégoire na Lydie mpaka mwisho wa dunia. Ndipo sauti ya mwanamke ikapasuka mlangoni: "Huyo mutoto iko na mama!"

Haya, geukeni mumwone.

Alikuwa mwembamba kama mtu aliyetoka kwenye homa. Sandali zake hazikufanana, ya kulia ya mwanamke, ya kushoto ya mwanaume. Polisi wa mlangoni alishamkamata mkono.

"Maman, hapa ni tribunal, haiko soko."

"Ingekuwa soko ningekuya na kuku. Niko natafuta mutoto wangu. Niachilie mukono."

Watu wa mabenchi ya nyuma wakacheka. Cibalonza hakucheka.

Kwa ninyi mnaolifungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: Cibalonza ni assistante sociale wa mahakama ya watoto hapa Bukavu. Kazi yake ni kuingia nyumbani mwa watu, kutazama kitanda na sufuria, kuuliza majirani, kisha kumwambia hakimu mtoto alale wapi. Ni yeye aliyemtoa mtoto huyu kwenye mtaa wa Kasha, siku ile mlima ulipomeza nyumba. Ni yeye aliyemtafuta mama mzazi kwenye redio, kwenye parokia, kwenye vituo vya wakimbizi. Kila mahali alipewa jibu moja: Bibiane alikufa barabara ya Uvira.

Na sasa maiti ilikuwa imesimama mlangoni, ikigombana na polisi.

"Unaitwa nani?" hakimu aliuliza.

"Bibiane, papa juge. Mutu wa kijiji ya Miti. Na mutoto wangu ni Aganze."

Kwenye benchi la mbele mtoto hakugeuka. Jina lile lilimpita kama jina la mtu wa darasa lingine.

Grégoire akasimama. Ni mtu wa ofisi, mtu wa shirika, suti yake haijui vumbi. Akamwambia hakimu: "Bwana Prezida, huyu anaweza kuwa mutu yeyote! Mu hii muji kila siku kuko maman mwenye anatafuta mutoto."

Lakini Bibiane alikuwa ameshafungua mdomo kujibu, na jino lake la mbele lilikuwa limepanda juu ya jenzake, vilevile kabisa kama la mtoto aliyekaa pale mbele. Paji la uso lilelile. Masikio yaleyale ya kusimama. Grégoire aliona, akakaa bila kuambiwa.

Lydie aliona pia. Akamvuta mtoto ubavuni mwake, akamfunika kwa koti lake, kana kwamba baridi imeingia.

"Aapishwe," hakimu akasema.

Sasa, msomaji, sikiliza vizuri hapa. Hakimu huyu alitoka upande wa pili wa nchi. Kiswahili chake kilitosha kununulia ndizi, hakikutosha kuhukumu. Alisema Kifaransa, na karani wake, papa Jean-de-Dieu, mtu wa nywele nyeupe na miwani ya kamba, ndiye aliyekuwa daraja kati yake na watu wa Mungu. Maneno ya hakimu nayaandika kwa Kiswahili ili tuelewane. Bibiane hakupewa heshima hiyo.

"Maman, mutoto alibakia kwa nani?" Jean-de-Dieu aliuliza.

"Dada yangu alikuwa mugonjwa kule Sange, njia ya Uvira. Barabara ilikuwa mubaya, singeweza kumupeleka mutoto mudogo vile. Nilimuacha kwa Virginie, jirani yangu wa Kasha."

Karani alishika mwanzo wa jibu na mwisho wake akautupa. Akamgeukia hakimu na kusema Kifaransa: "Anatangaza kwamba alimu-*abandonner* mtoto, Kasha."

Hakimu akakubali kwa kichwa. Mashine ya karani ya kupiga chapa ikaandika.

*Abandonner*! Ninyi ambao masista hawakuwahi kuwachapa vidole kwa ajili ya neno hilo, niwaambie. Ni kutupa. Ni kumweka mtoto kando ya njia kama ganda la muhogo na kwenda zako bila kugeuka.

Kisha karani, kwa kufuata utaratibu, akamsomea mama. Tena kwa Kiswahili, maana sheria inataka aelewe.

"Hapa naandika ulimuacha mutoto. Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilimuacha."

"Hakuna mutu alikulazimisha useme?"

"Hakuna, papa."

"Weka kidole."

Kidole kikaingia kwenye wino, kikalala juu ya karatasi.

Mnauona uchawi? Neno lilitoka Kiswahili likiwa safi. Lilipovuka kwa Kifaransa likageuka kisu. Liliporudi kwa Kiswahili likavaa tena nguo zake za kila siku, na mama wa watu akalitambua, akalikubali, akaliwekea kidole! Hivyo ndivyo babu zetu walivyopoteza vilima vyote ambako leo kuna chai na kwinini ya wengine. Kidole na wino, na mtu katikati anayesema "usiogope, ni yale yale uliyosema". Bendera zimebadilishwa, nyimbo zimebadilishwa. Kidole ni kilekile.

"Jambo limekwisha," hakimu akasema. "Mama amekiri mwenyewe kwamba alimtupa mtoto. Hana la kupinga hapa."

Bibiane alitabasamu kidogo. Aliona hakimu anamtazama, akadhani mambo yanaenda vizuri.

Tabasamu lile ndilo lililomuua Cibalonza.

Alikuwa amesikia kila kitu, kwa lugha zote mbili. Lakini assistante hasemi mpaka aulizwe. Na pale benchi la mbele alikaa Lydie, mwenzake wa kwaya, mwanamke aliyezika mimba tatu, ambaye Cibalonza mwenyewe alimwekea mtoto huyu mikononi. Akinyamaza, mtoto anabaki na kitanda chake na shule yake. Lydie anabaki mama. Hakuna atakayejua. Anachotakiwa ni kukaa tu.

Akasimama.

"Bwana Prezida, hakusema vile."

"Nani amekupa neno, madame?"

"Hakuna. Nimelichukua."

Jean-de-Dieu akavua miwani. "Maman assistante, mimi natafsiri hapa tangu weye uko unavaa uniforme ya masomo. Leo utanifundisha *kuacha* ni nini?"

"Leo, ndiyo. Papa Jean-de-Dieu, asubuhi ulitoka kwako. Bibi yako ulimuacha wapi?"

"Nilimuacha ku jikoni. Hiyo inakuangalia nini?"

"Basi piga mashine. Andika: Jean-de-Dieu *a abandonné* bibi yake ku jikoni."

Ukumbi ukalipuka. Mama mmoja wa nyuma akapiga kigelegele. "Atakosa chakula ya mangaribi!" mwingine akapaza sauti. Polisi mwenyewe aligeukia ukuta mabega yakimtetemeka. Hakimu aligonga meza, akauliza wanacheka nini, na hakuna aliyetaka kumtafsiria.

Cibalonza akamfafanulia kwa Kifaransa, taratibu. Kwamba kwetu mtu anamwacha mtoto shuleni asubuhi na anamchukua saa sita. Kwamba anamwacha kwa nyanya yake, kwa jirani, kwa Mungu. Kwamba kutupa ni neno lingine kabisa, na hakuna aliyemuuliza mama huyu kama alitupa.

Hakimu alikuna kidevu. "Mwulizeni basi."

Jean-de-Dieu akauliza, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa: "Maman. Ule mutoto, ulimutupa?"

"Nilimu… nini?"

"Ulimutupa?"

Bibiane akamtazama karani, akamtazama hakimu, akakitazama kidole chake cheusi. Tabasamu liliondoka usoni mwake kwa mara moja.

"Papa, hii kidole niliiweka juu ya nini?"

Karani akaifunika karatasi kwa kiwiko.

"Nauliza! Niliiweka juu ya nini?" Akaanza kukisugua kwenye kitenge, akisugua kwa nguvu, wino ukienea. "Mufute! Mi nilimuachia Virginie mutoto na sahani yake! Na blanketi! Na dawa ya kikohozi, nilimuonyesha, kijiko asubuhi, kijiko mangaribi. Mutu mwenye anatupa mutoto anaacha dawa?"

"Na haukurudi," Grégoire alisema kutoka kwenye kiti chake, bila kupaza sauti.

"Ndiyo, papa, sikurudi." Hakumkasirikia hata. "Kwenda Sange, batu ba bunduki balisimamisha gari. Banaume balibalaza chini. Siye bamama balitupandisha ku mulima. Mambo ya kule pori nilishaambia Mungu, sirudilie. Nilipotoka nilikuya Kasha mbio, nakuta ni udongo. Nyumba yangu, udongo. Nyumba ya Virginie, udongo. Nikalala palepale chini nikajua niko peke yangu. Alafu bamama ba kuchota maji ku robine banasema: apana, mutoto wako alipona, iko Muhumba kwa batu ba feza, iko navaa viatu."

Watu hawakucheka tena.

Cibalonza akamtafsiria hakimu yote. Hakimu si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Ni mtu aliyeletwa kuhukumu mahali ambako hawezi hata kuomba maji.

"Kidole kimeshawekwa," alisema mwisho. "Sifuti neno kwa sababu watu wamelia. Nitamsikia mtoto ofisini mwangu, kisha nitaamua. Nani atatafsiri?"

Jean-de-Dieu akakunja mikono. "Mwenye anajua sana."

* * *

Katika ujia, Lydie alikuwa akimsubiri Cibalonza. Mtoto alikuwa na Grégoire, mbali kidogo, wakihesabu pikipiki barabarani.

"Dada Ciba, weye mwenyewe ulimuleta kwangu. Ulisema: Lydie, huyu hana mutu."

"Nilisema. Niliamini vile."

"Sasa unamupeleka wapi? Huyu maman iko na nyumba? Umeona viatu yake?"

"Niliona."

"Mwaka wa kwanza alikuwa analala chini ya kitanda. Unajua ile? Mvua ikianza tu, anaingia chini ya kitanda anashika muguu ya kitanda. Na mimi nilikuwa naingia. Mwanamuke muzima, na diplome yangu, na wigi yangu, chini ya kitanda nasema rozari mpaka anga inatulia. Ule maman alikuwa wapi?"

Cibalonza alijua alikuwa wapi. Ukumbi mzima ulikuwa umesikia alikuwa wapi. Lakini hilo si jibu ambalo mtu anampa mwanamke anayeuliza hivyo.

"Niambie niko mutu mubaya," Lydie alisema. "Niambie tu, niko mubaya, nilimupiga, nilimunyima chakula. Nitakamata sakosi yangu ya mukono nitaenda."

"Hauko mubaya, Lydie."

"Basi juu ya nini?"

Cibalonza alitafuta. Katika mafunzo yote aliyofuata, katika semina zote zenye chai na mikate, hakuna aliyewafundisha la kusema pale ambapo hakuna mbaya.

Polisi akaita: "Hakimu anawangojea."

* * *

Ofisi ilikuwa ndogo. Meza, kabati, dirisha linalotazama ziwa. Waliingia watano: hakimu, Cibalonza, mtoto, na wanawake wawili, kila mmoja upande wake. Grégoire aliambiwa abaki nje.

Hakimu aliuliza kwa Kifaransa, kwa sauti laini. Mtoto hakuhitaji mtafsiri. Kwa Lydie nyumbani husemwa Kifaransa tu, kama nyumba nyingi za huko chini ziwani ambako watu wanaogopa Kiswahili kitawachafulia watoto makaratasi.

"Unamjua mama huyu?"

Nathanaël alimtazama Bibiane. Alimtazama kwa adabu, kuanzia kichwani mpaka kwenye sandali, kama mtoto aliyefundishwa jinsi ya kupokea wageni.

"*Non, monsieur*."

Neno hilo halikutafsiriwa. Kila Mkongomani anazaliwa anajua *non*.

Bibiane akachuchumaa, mbali naye, mikono magotini ili asimguse. "Aganze."

Mtoto akarudi nyuma hatua, mpaka mgongo wake ukagusa sketi ya Lydie. "*Je m'appelle Nathanaël*."

"Anasema nini, maman?"

Cibalonza alitamani karani angekuwepo. Angemwachia kazi hii kwa furaha. "Anasema anaitwa Nathanaël."

"Ah," Bibiane akasema. "Ni jina muzuri. Nani alimupatia?"

"Ni ya batizimu," Lydie akajibu, na ilikuwa mara ya kwanza wanawake hao wawili kusemezana.

"Alibatizwa?"

"Ndiyo. Pasaka."

"Aksanti," Bibiane akasema. "Kule pori nilikuwa naogopa ile sana. Aksanti, maman."

Lydie aligeuza uso kuelekea kabatini.

Hakimu akakohoa. "Mwulize anataka kuishi na nani. Mwulize kwa Kiswahili, mama yake asikie."

Cibalonza akapiga magoti mbele ya mtoto. Alimshika mabega, mabega yaleyale aliyoyafuta tope kule Kasha. "Papa, sikia. Weye mwenyewe, unataka kuikala na nani?"

Mtoto alitazama dirisha, akatazama mlango. Na Kiswahili kikamtoka, Kiswahili cha Kasha, kizima, bila kosa, kama kitu kilichokuwa mfukoni siku zote.

"Niko nangojea mama."

"Niko hapa!" alisema Lydie.

"Niko hapa!" alisema Bibiane.

Sauti mbili, pumzi moja. Mtoto hakumgeukia hata mmoja.

Cibalonza akainama karibu zaidi. "Mama gani, papa?"

"Mama Virginie. Alisema nisitoke pale ku ukuta, anaenda kutosha mbuzi, atarudi kunikamata. Nilimungojea. Alafu mulinipandisha mu gari." Akafikiri kidogo. "Hajue fasi niko."

Jamani.

Virginie alimsimamisha mtoto juu ya ukuta wa jirani, akarudi kumfungua mbuzi, na mlima ukashuka. Walimfukua siku ya tatu, parokia ikamzika, Kasha nzima ikaimba. Tangu hapo mtoto huyu amepita mbele ya madaktari na walimu na mapadri. Wamempima urefu, wamempima akili, wamempiga picha na fulana ya shirika. Sisi watu wazima tulijua wote kwamba Virginie amekufa. Na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia yule peke yake aliyekuwa akimngojea.

"Anasema nini?" hakimu aliuliza.

Cibalonza alijaribu. Kifaransa kilimkatikia katikati, akaanza upya, kikamkatikia palepale. Hakimu alielewa hata hivyo. Aliweka kalamu chini.

"Sasa nani atamwambia?"

Lydie alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamdondoka kwenye mkufu. "Nilisema angali mudogo. Kila siku nilikuwa nasema, angali mudogo, kesho."

Ni Bibiane aliyekaa sakafuni. Alikaa kabisa, miguu imenyooshwa, kama mama anayechambua maharage.

"Nathanaël," alisema. Alilisema jina hilo polepole, kwa kuwa lilikuwa jipya mdomoni mwake. "Mama Virginie alikuwa rafiki yangu. Mi ndiye nilikupeleka kwake. Alikupenda sana. Hawezi kurudi, papa. Udongo ilimukamata ile siku. Alikufa."

Mtoto alimtazama.

"Alikufa kabisa?"

"Kabisa."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi."

Hapo ndipo alipolia. Hakumkimbilia Lydie. Hakumkimbilia Bibiane. Alikwenda kwenye pembe kati ya kabati na ukuta, akaweka paji la uso pale, akalia akiwapa mgongo wote, na kila alipovuta pumzi miguu yake midogo iliinuka kidogo kutoka chini. Mama wawili walibaki wamenyoosha mikono, hakuna aliyethubutu.

Ni Lydie aliyepata sauti kwanza. "Bwana Prezida, nimupeleke anawe uso. Kuko robine ya maji ku cour, inje."

Polisi mlangoni akasita, akamtazama hakimu. Hakimu akamtazama Cibalonza.

Cibalonza alimwona mwenzake wa kwaya, wigi limekaa upande. Alifikiri juu ya kitanda kile, na rozari chini yake.

"Mumuache aende naye," alisema. "Ni kunawa tu."

* * *

Ukumbini, hakimu, aliyekwisha kusikia kwa mtoto mwenyewe kwamba alikaa kwa Virginie, alimwita Jean-de-Dieu mbele ya watu wote.

"Chukua ile PV, karatasi ya ushahidi. Chora mstari juu ya neno *abandonné*."

"Kwa rula, Bwana Prezida?"

"Kwa rula."

Mstari ukachorwa. Nawaambia ukweli, tangu niwe na akili sijasikia mara nyingi kwamba mstari umechorwa juu ya neno lao kwa sababu ya neno letu.

"Andika *confié*. Mama alimkabidhi mtoto kwa jirani. Kisha aweke kidole tena."

Karani akasukuma karatasi. Bibiane hakunyoosha mkono.

"Umeandika nini?"

"Naandika ulimuachia jirani mutoto, amulinde mpaka utarudi."

"Rudilia."

Jean-de-Dieu akarudia, safari hii akivua miwani, na sauti yake haikuwa na kiburi.

"Hakuna 'kutupa' ndani?"

"Haimo, maman. Naapa mbele ya hii msalaba ya shingo yangu."

Bibiane akakishusha kidole polepole, akakibonyeza, akakishikilia pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mtoto atalala wapi, nitasema baada ya uchunguzi wa assistante," hakimu akatangaza. "Haitakuwa kesho wala keshokutwa. Lakini kuanzia leo, mbele ya mahakama hii, mama huyu ni mama. Mleteni mtoto."

Kigelegele kilipanda. Watu walimpiga Cibalonza mgongoni, mama mmoja akamfunga kitambaa chake kichwani. Polisi akatoka kwenda kwenye robine ya uani.

Alirudi peke yake.

"Maji iko inatiririka," alisema. "Hakuna mutu."

Grégoire aliinuka. Alikuwa ameshika simu sikioni, na wote waliokuwa karibu waliisikia ikiita, ikiita, ikakatwa.

"Lydie alikuomba kitu?" Cibalonza alimwuliza. Alijua kabla hajajibiwa.

"Ufunguo ya gari. Alisema anaenda kukamata mouchoir ya kupangusa mutoto uso." Uso wa Grégoire ulikuwa umekuwa wa rangi ya majivu. "Maman assistante, mi sikujua. Naapa, sikujua."

"Na karatasi yake ya kuvuka mpaka?"

"Iko mu sakosi yake. Tulikuwa twende Kigali kupumzika, congé ya Pasaka…"

Kutoka mahakamani mpaka daraja la Ruzizi, ambako Rwanda inaanzia, gari likikosa foleni, mtu hamalizi hata rozari. Hakimu alikuwa ameshasimama, akipiga kelele kwa Kifaransa, simu, mpaka, upesi. Polisi walikimbilia mlangoni wakigongana. Mabenchi yote yalisimama.

Bibiane hakuelewa hata neno moja. Alikuwa bado mbele ya meza, kidole chake cheusi amekiinua ili asichafue chochote. Alimvuta Cibalonza sketi, taratibu, kama mtu anayeogopa kusumbua.

"Maman," aliuliza, "mutoto angali ananawa?"